Ukurasa wa Silinda Hedi

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya kampuni ya pamba pale Shinyanga, nilifika na spana zangu kiunoni nikijiona fundi kamili. Mkuu wa Karakana, Mzee Luhende, hakuziangalia hata kidogo. Alinipa kitabu cha matengenezo ya landrova, kurasa zimeshikana kwa grisi, akanionyesha benchi.

"Soma. Usiguse gari langu mpaka uniambie ukurasa."

"Mzee, mimi ufundi nimefunzwa na mjomba."

"Mjomba wako ndiye aliyeliunda gari hili?"

Nilikasirika, lakini nilisoma. Ndiyo maana ninyi mnaonunua landrova kuukuu na kutaka kuzitengeneza wenyewe nawaambia bila kumung'unya maneno: tafuteni kitabu kwanza. Kiwe cha injini yenu hasa, maana cha petroli hakitawafaa kwenye dizeli hata magari yafanane kama pacha. Kionyeshe kifaa kikiwa kimefunguliwa chote, na kitaje kila boliti ikazwe kwa nguvu kiasi gani. Picha za rangi ni mapambo tu.

Nilikuwa fundi mzuri, sifichi. Nilichoficha ni ujuzi. Mafundi wa zama zetu tulikuwa na msemo wetu kwamba ukimpa mwenzio kitabu umempa na mshahara. Nilipohamia karakana ya mgodi kule Geita, nilichana ukurasa wa kufunga silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, nikautia mfukoni. Nilitaka wakikwama waniite.

Hawakuniita. Mwenzangu Maganga, niliyemwacha Shinyanga, aliifunga hedi kwa kukisia, akaanza na boliti za pembeni. Ukurasa ule unasema uanze katikati ukienda nje, na ukaze kwa awamu, si kwa mkupuo. Hedi ikapinda, maji yakaingia kwenye oili, na gari likazimika karibu na Tinde likiwa na mbegu za wakulima wa Didia, mvua nazo zimeshaanza. Meneja akamsimamisha Maganga kazi kwa uzembe. Alikuwa na wiki moja ya kujieleza, la sivyo afukuzwe.

Habari nilizipata kwa dereva wa lori aliyetoka Isaka. Nikamwendea Mhandisi wa mgodi kuomba ruhusa.

"Kuna msiba?" akaniuliza.

"Hapana, Mhandisi. Kuna mtu anaadhibiwa kwa kosa langu."

Shinyanga niliuweka ukurasa ule mezani kwa Meneja, mbele ya Mzee Luhende na Maganga, nikasema nimeuchana mimi. Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Meneja alitaka kuandika barua kwa wakubwa wangu Geita. Mzee Luhende akamwomba asubiri.

"Hedi nyingine imeshafika," alisema. "Ataifunga Maganga. Wewe mwizi wa karatasi utamsomea."

Tukaenda kwenye gari. Nilipoanza kusoma kwa sauti ya chini, Maganga aliweka spana chini, akawaita mafundi wote wa karakana wasogee.

"Haya, soma kwa nguvu," akaniambia. "Na hawa wasikie."

Nikasoma, boliti moja baada ya nyingine, naye akakaza. Injini iliwaka mara ya kwanza. Maganga akarudishwa kazini siku ileile, na baada ya miaka akawa Mkuu wa Karakana. Mimi cheo hicho sikukipata, na sioni kama nilionewa.

Sasa nimestaafu. Vijana wenye landrova za zamani hunipigia simu kutoka kila upande, nami nawapigia picha kurasa wanazotaka nikawatumia. Wako wanaoniona mjinga kwa kugawa ufundi wangu bure. Wacha waseme.

Maganga naye hunipigia kila Jumapili baada ya kanisa. Salamu hataki. Akisikia tu nimepokea, anauliza, "Kurasa zote zipo?"

"Zote, ndugu yangu," namjibu. "Njoo uhesabu."