Neno la Njano Juu ya Jeneza

Katika studio yetu ya video, mtaani Bwiza, mimi nilikuwa mtu wa vitufe. Mwenzangu alishika kamera, mimi kompyuta, na kazi yangu ilikuwa ule ukurasa wa kwanza wa diski: picha nzuri nyuma, na juu yake maneno ya kuchagua. Kwa programu ya kuhariri picha nililitilia kila neno kivuli na rangi ya pili, ili rimoti ikilifikia liwake. Watu waliooa walisifu, na kichwa kikanivimba.

Akaja mama mmoja jirani, muuza vitenge. Mwanawe alikuwa ameuawa basi lilipovamiwa njiani, na dada zake yule mama hawakuweza kutoka Uvira kuja kuzika, mpaka ulikuwa umefungwa. Sasa walikuwa wanakuja kuondoa matanga, naye alitaka wayaone kwenye televisheni mazishi tuliyoyarekodi. Aliomba kitu kimoja tu: maneno yawe ya Kiswahili, maana dada zake Kifaransa hawakijui.

Siku zote neno la kuanzisha filamu tuliliandika kwa Kifaransa, "Lecture", yaani kusoma. Nikiandika "Kusoma", nani anasoma filamu? Nikatazama rimoti, imeandikwa "Play", nikafungua kamusi, nikapata neno langu. Mwenzangu, aliyenizidi miaka ishirini, aliniambia niandike tu "Angalia". Nikamjibu kwamba angalia huambiwa watoto wanaovuka barabara. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Wiki nzima nilijisifu nyumbani kwa neno lile, na siku yenyewe ya matanga nikamwomba mama yangu aje aone kazi ya mwanawe. Alikaa mkekani na akina mama wengine. Rimoti niliishika mwenyewe.

Likatokea jeneza, na juu yake, kwa herufi za njano zinazowaka: CHEZA.

Kwetu Bwiza, kucheza ni kucheza muziki. Dada mkubwa akalisoma polepole, kama anayeuliza, kisha akajifunika uso kwa kitenge akatoka nje. Mdogo wake akamfuata. Hawakurudi kuyaona mazishi waliyovuka mpaka kuyaona.

Yule mama akanigeukia, akaniuliza ni nani aliyeandika vile. Aibu ilinishika hadi masikio yakawa moto, na kwa aibu hiyo nikafanya baya kuliko la kwanza. Nikasema ni mashini. Nikasema inajiandikia yenyewe, sina uwezo wa kuizuia. Mwenzangu alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, kisha akatazama chini.

Yule mama, mfiwa, akaja kunishika bega.

"Tulia, mutoto wangu. Mashini haina mama. Ingejua namna gani?"

Kesho yake nililibadilisha neno. Ilinichukua dakika tano, na dada zake walikuwa wamekwisha rudi Uvira. Mtaani yule mama akawa ananitetea: wasinilaumu, ni mashini. Sikuwahi kumwambia ukweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Lakini siku ile mkekani palikuwa na mtu mmoja aliyelijua neno lile kabla halijawaka, kwa kuwa nilikuwa nimemsomea mara tatu wakati wa chakula. Ni mama yangu, aliyejua kwamba si mashini. Tuliporudi nyumbani alitangulia, na sikuthubutu kumfikia.