Mechi Iliyosikika Kabla Haijachezwa

Mtaani fundi wa mafriji hakuitwa jina jingine ila Profesa, na jina lenyewe alikuwa amejitafutia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati. Mafriji mabovu yalipangwa ukutani, mengine yamefunguliwa migongo, na juu ya rafu kulikuwa na redio ndogo iliyoimba na kusoma habari tangu anafungua mpaka anafunga. Kwenye redio hiyo ndiko alikookota miji mikuu ya dunia nzima. Mteja akileta friji lisilogandisha, kabla hajaambiwa kama ni gesi imevuja au kompresa imekufa, anaulizwa kwanza mji mkuu wa Mongolia.

Watu walicheka, naye kichwa kikamvimba. Kutoka kwenye miji mikuu akaingia kwenye kutia chumvi. Enzi zake shuleni, alisema, kwenye mtihani wa mwisho wa jiografia hakukuwa na wa kumfikia, mpaka mwalimu mkuu alimpa mkono mbele ya shule nzima. Mke wake, aliyefanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, aliyasikia hayo miaka yote akanyamaza. Alijua mumewe aliacha shule kidato cha pili, na mtihani huo hakuwahi hata kuuona kwa macho. Lakini utamvua nguo baba watoto wako mbele za watu?

Binti yao mkubwa alipofika kidato cha nne, jiografia ikawa ndiyo inayomtoa jasho. Mito na milima alikuwa nayo, ramani alizisoma vizuri. Kilichomchanganya ni zile hesabu za saa na longitudo. Jumamosi moja akamfuata baba yake karakana, na nyuma yake wenzake watatu, akiwemo rafiki yake wa chanda na pete, msichana mmoja mrefu waliyemwita Twiga.

"Shikamoo baba," walisalimia kwa pamoja.

"Marahaba wanangu. Kuna nini, mmekuja na jeshi zima?"

"Baba, tuelekeze hesabu za saa. Mtihani ndio huo unakaribia."

Hapo ndipo Profesa alipopaswa kusema hajui. Neno lilifika kooni. Lakini watoto wanne walikuwa wanamtazama kama watu waliofika kisimani, na binti yake alikuwa ameshawaambia njia nzima kwamba baba yake alikuwa wa kwanza kwenye jiografia. Akaokota chaki ya kuwekea alama mabomba, akafuta vumbi kwenye mlango wa friji moja jeupe, akachora duara.

"Jua linaanzia wapi?"

"Mashariki!"

"Haya. Wa mashariki ndio wanaoanza siku. Anayeanza kuhesabu yuko namba za chini, sivyo? Kwa hiyo ukienda mashariki, toa saa. Ukienda magharibi, jumlisha. Mnaona ilivyo rahisi?"

Binti yake alikunja uso. "Lakini baba, mimi nilikuwa nafanya kinyume. Na kitabu nadhani kinasema..."

"Kitabu kimeandikwa na mtu kama mimi," alisema Profesa, na wenzake wakaangua kicheko. Binti naye akacheka. Akachukua raba, akafuta hesabu zake ambazo zilikuwa sahihi, akaandika za baba yake.

Jumamosi zilizofuata walirudi, na Profesa akawa ananunua maandazi kabisa ya kuwakaribishia. Kijiwe kizima cha mafundi kikajua kwamba kwa Profesa sasa kuna darasa. Alitembea kifua mbele. Kisha ukapita mtihani wa majaribio, na baada ya hapo watoto hawakuja tena.

"Wenzako wako wapi?" alimuuliza binti yake.

"Tunasomea shuleni siku hizi," alijibu bila kuinua macho kwenye sufuria alilokuwa anasugua.

Profesa hakushtuka. Aliona pengine karakana ina kelele. Akatafuta ramani kubwa ya dunia, ile ya kutundika ukutani, akaikunja vizuri, na siku moja baada ya vipindi akaenda nayo shuleni awafurahishe. Alikuwa amevaa shati la kutokea.

Darasa la kidato cha nne lilikuwa la mwisho kwenye baraza. Kabla hajafika mlangoni akasikia sauti ya mwalimu wa jiografia, mama mmoja mwembamba mwenye maneno ya haraka.

"Mechi inaanza saa sita mchana kwenye meridiani kuu, digrii sifuri. Mji uko digrii arobaini na tano mashariki. Watu wa huko watasikia mpira unaanza saa ngapi? Saa tisa alasiri! Nyinyi wanne kwenye mtihani wa majaribio mmeniandikia saa tatu asubuhi. Yaani mmesikia mechi kabla haijachezwa! Si mngetuambia na matokeo?"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Profesa alisimama pale pale kwenye baraza, karibu na dirisha. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kusikiliza mechi za mbali jioni, huku mtangazaji akisema kule ni mchana. Miaka yote jibu lilikuwa linamwingia masikioni, na hakuwahi kulifikiria.

"Sasa nataka kujua," alisema mwalimu, "hii kanuni ya kutoa mmeitoa wapi? Nani aliwafundisha?"

Twiga aligeuka akamtazama mwenzake. Binti wa Profesa akasimama. Aliposimama macho yake yakapita dirishani, yakakutana na ya baba yake na ile ramani iliyokunjwa.

"Mimi, mwalimu," alisema. "Mimi ndiye niliyewaelekeza."

"Wewe? Ninayekutegemea?" Mwalimu alitikisa kichwa. "Kiongozi wa kikundi anapotosha wenzake kwa kujifanya anajua. Ona aibu."

Wanafunzi wa nyuma wakaguna. Mlango ulikuwa wazi, hatua chache tu. Angeingia, angesema sentensi moja, ingekwisha. Profesa aligeuka, akatembea upesi kuvuka uwanja, ramani kwapani, kama mwizi aliyesikia mbwa.

Jioni hiyo chakula hakikupita. Mke wake alimuuliza kama anaumwa, akasema ni kichwa. Binti yake alitandika kitanda cha mdogo wake, akafagia, akapita mbele yake mara kadhaa. Mwishoni ni yeye baba aliyemfuata uani, alikokuwa anaanua nguo.

"Ulinisitiri," alisema.

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na ukaondoka."

"Nikaondoka."

Binti alikunja kanga moja, akaiweka begani. "Mimi sikuumia kwa kukosea, baba. Niliumia nilipoona mgongo wako."

Ndipo Profesa akamwambia yote, uani pale, kamba ya nguo katikati yao: kidato cha pili, mtihani ambao hakuufanya, mkono wa mwalimu mkuu ambao haukuwahi kuwepo. Alipomaliza, binti hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema tu, "Basi kesho uje uyaseme hayo darasani. Yale uliyotuchorea kwenye friji, siyo ya kidato cha pili. Hayo ni yako."

Kesho yake alikwenda, na safari hii kwa nguo za kazi, maana alitokea karakana moja kwa moja asije akaghairi. Mwalimu alimruhusu aseme. Alisimama mbele ya watoto wale, akasema kanuni ile ilikuwa yake, aliibuni papo hapo kwa sababu aliona haya kusema hajui, na binti yake hana kosa. Kuna waliocheka. Mwalimu hakucheka. Alichukua mpira wa miguu na tochi, akaonyesha upya jinsi dunia inavyozunguka, wa mashariki wakilipata jua mapema na saa zao zikitangulia. Profesa alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, na alielewa, na kuelewa kwenyewe kulimuuma.

Matokeo ya mtihani wa mwisho yalipotoka, binti yake alikuwa amefaulu jiografia vizuri. Wawili wa kikundi walifaulu pia. Twiga alianguka.

Tangu siku hiyo Profesa akawa anazunguka njia ndefu kukwepa nyumba ya akina Twiga. Mama wa Twiga akitokea upande huu wa barabara, yeye anavuka. Mke wake aliliona hilo. "Baba watoto," alimwambia, "utavuka barabara mpaka lini? Nenda kamuone mtoto."

Akaenda. Twiga alikuwa anachambua mboga kibarazani, akainuka kumpisha kigoda.

"Mwanangu, nimekuja kuomba radhi. Ile hesabu ya saa, najua ilikukaa kichwani. Mimi ndiye niliyekuangusha."

Twiga alimtazama kwa mshangao. "Hesabu ya saa? Hapana, baba. Mimi hata sikuifikia. Niling'ang'ania swali la mvua na upepo, muda ukaisha. Nitarudia mwakani."

Profesa alishusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea, na karibu atabasamu. Kisha akaona msichana bado anamtazama, mkononi ana shina la mchicha, mwaka mzima wa kurudia uko mbele yake. Na yeye pale kwenye kigoda alikuwa anafurahi. Aliinamisha kichwa, akavuta ungo karibu, akaanza kumsaidia kuchambua mboga, kwa sababu hakuwa na uso wa kuinuka na kuaga.