Mdomo wa Shangazi Uliponyamaza

Kocha alikuwa na uvumilivu wa punda, lakini hata punda hupiga teke. Chumba chake cha mazoezi kilikuwa nyuma ya duka la misumari na saruji: kioo kirefu chenye ufa, mikeka ya mpira, kibao cha kupanda na kushuka, vyuma vilivyochubuka rangi, na baiskeli isiyokwenda popote. Kila mteja mpya alimkalisha kwanza kwenye benchi akamhoji kama mkwe. Unaumwa wapi? Unameza dawa gani? Daktari amesemaje?

"Nimekuja kupunguza tumbo, sikuja kuposa," alinuna mwoka mikate mmoja.

"Tumbo nitalipunguza, kaka. Sitaki kumpunguza na mwenyewe."

Hao aliwaweza. Aliyemshinda ni shangazi yake, dada wa baba, aliyemlea tangu ana meno ya utoto. Presha ilimpanda, daktari akaamuru mazoezi ya taratibu, na akisikia maumivu yoyote aseme. Aseme! Mwanamke yule akianza kusema, saa ya ukutani husimama isikilize na nzi hutua wakakunja miguu. Siku aliyong'olewa jino alikuwa anamsimulia daktari habari za jirani, na jino lenyewe likagoma kutoka mpaka habari iishe.

Sasa, Kocha alikuwa na kipimo chake. Mteja akiwa kwenye zoezi, aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Akiimba, anacheza tu. Akishindwa kuongea, amezidishiwa. Kipimo kizuri, kiliwafaa wote. Kwa Shangazi kilikuwa bure kabisa. Akipanda na kushuka kile kibao cha mazoezi, anaongea. Akipunguziwa, anaongea. Akiongezwa, ndiyo kwanza anapandisha sauti.

"Shangazi, umechoka?"

"Nichoke na nini? Sikiliza. Huyo jirani kanunua kochi pana kuliko mlango..."

"Kifua kinabana?"

"Kifua kilichokubeba utotoni, leo kibanwe na kibao?"

"Nataka jibu, Shangazi, si historia ya ukoo!"

"Baba yako naye alikuwa na domo hilohilo. Basi, kochi limekwama, wamemwita seremala..."

Kocha akajifuta jasho, na wala hakuwa amefanya zoezi lolote. Kwa miezi aliyokuwa akimfundisha, alikuwa amejifunza kutikisa kichwa na kusema "ehee" huku mawazo yakiwa kwingine. Angefanyaje? Ukisikiliza mvua tone kwa tone utapata wazimu.

"...seremala akachomoa msumeno, akautazama mlango, akasema..."

Kimya.

Kocha alisema "ehee," kisha akashtuka. Seremala hakusema kitu. Mguu mmoja wa Shangazi ulikuwa juu ya kibao, mwingine chini, na kijasho chembamba kimemtanda juu ya mdomo. Kocha hakuuliza tena. Alimkalisha, akamlegezea kanga kiunoni, akapiga ukelele uliomtoa muuza misumari dukani mbio na gari lake.

Hospitalini daktari aliwaambia moyo ulikuwa umelalamika siku nyingi. Wangelimaliza zoezi lile, sasa Kocha angelikuwa anaongea na kaburi.

"Ulikuwa unajua?" Kocha akamkazia macho mgonjwa wake.

"Kilikuwa kinabana kidogo. Ningekwambia, ungenirudisha nyumbani." Shangazi akachezea ncha ya shuka. "Nyumbani nitaongea na nani? Na masufuria?"

"Umesema ya dunia nzima, ukaacha hilo moja! Shangazi, utaniua mimi kwanza!" Akaketi kwa kishindo pembeni ya kitanda. "Kibao basi, mpaka daktari aseme. Lakini utakuja vilevile, ukae kwenye benchi langu." Akakohoa. "Haya. Seremala alisemaje?"

"Unataka kujua leo?"

"Nataka."

"Basi naanza mwanzo, maana hukuwa unasikiliza hata kidogo."

Kocha akakunja uso, akapumua kwa nguvu, akamshika mkono, na safari hii akafuata neno kwa neno, pumzi kwa pumzi.