Kibuyu cha Mbegu cha Jirani

Jirani yangu huchambua mbegu za maharage punje kwa punje, akizipuliza, kisha huzifukia kwenye majivu ndani ya kibuyu kinachokaa juu ya meko. Kwetu, mwanamke humkabidhi mwenzake kibuyu hicho akiona hatapanda tena. Dawa za saratani ya ovari zilimmaliza nywele, lakini kuchambua hakuacha. Jana, akijiandaa kwenda kupasuliwa aondolewe uvimbe uliobaki, aliniwekea kibuyu mapajani. Nilishtuka hata sala ya kumwombea ikanipotea. Nikamuuliza, "Unaniaga, dada?"

"Acha hizo, Mama Beatha! Sasa dawa zimenitia ganzi vidole. Nichambulie, masika nipande."

Nikaanza hapo hapo, naye amenisimamia: "Hiyo imetobolewa. Itoe."