Mdogo Hatoki Kabla ya Mkubwa

Timu haikuja Itaka kunitafuta mimi. Naanza na hilo kwa sababu nimelificha miaka mingi na sasa nimechoka kulificha. Ilimfuata mdogo wangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, yeye kumi na saba. Katika timu ya kijiji nilicheza beki wa kulia, kwa kuwa hapakuwa na mwingine aliyeitaka nafasi hiyo. Yeye alicheza popote alipopenda, na hakuna aliyemkataza.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Tunduma ilikuwa inafunguka, maduka yanaota kando ya barabara ya mpakani, na matajiri wapya wa bati, sementi na vitenge walitafuta kitu cha kushindania zaidi ya bei. Wakapata mpira. Wanne kati yao walikuwa na timu, kila mmoja na yake, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumzungukia vijijini kutafuta vijana. Wa tajiri wa sementi alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye kitambi, ambaye sidhani kama aliwahi kupiga mpira ukafika alikotaka. Watu walimtania kwamba mchagua jembe si mkulima. Alicheka nao, akaendelea kuandika kwenye daftari lake.

Alikaa kwetu siku tatu, msimu wa kuchuma kahawa. Mpira wenyewe aliutazama kidogo tu. Alichotazama ni mtu akishanyang'anywa mpira: je, anasimama na kushika kiuno, au anageuka na kufukuza? Aliomba kuona kandambili za mdogo wangu, akazigeuza na kupapasa pale palipolika. Aliangalia anaruka mtaro kwa mguu upi. Alimpima baba urefu kwa macho, akauliza wajomba nao wakoje. Umri hakumuuliza kijana hata mmoja, maana alisema kijana wa mpira hana umri, ana jibu. Alikwenda jikoni kwa mama.

"Mama, huyu wakati wa vita vya Uganda alikuwa anatembea, au ulikuwa bado unambeba?"

"Alikuwa anatambaa," mama akajibu. "Tena anakula udongo."

Mwalimu akaandika na hilo pia.

Jioni ya tatu aliniita pembeni. "Mdogo wako nimemwandikia ukurasa mzima," alisema. "Wewe nimekuandikia mstari mmoja. Nimeandika kwamba una adabu. Si tusi, bwana mdogo, ila huo si mpira." Sikukasirika. Alikuwa amesema kweli na alikuwa ameisema taratibu, na mimi nilikuwa nimeshaijua tangu mdogo wangu ana miaka kumi. Nilimshukuru, tukarudi ndani kula.

Sasa, kwetu mtu haji tu nyumbani kwa watu akaondoka na mtoto wao. Mwalimu alilijua hilo, akamshauri tajiri wake atume mshenga. Likaja zee moja la heshima kutoka upande wa Mbozi Mission, limevaa koti, limebeba jembe jipya na blanketi, kama anavyokuja mtu wa posa. Lilikaribishwa ndani. Mwalimu alibaki nje chini ya ukingo wa paa, kwa kuwa penye mshenga wengine hawasemi. Kosa lao lilikuwa hapo. Walikuja kwa njia ya posa, na baba akawajibu kwa njia ya posa.

"Nimesikia," baba alisema. "Mmekuja kwa heshima, nami nawajibu kwa heshima. Lakini katika nyumba hii mdogo hatoki kabla ya mkubwa. Na mkubwa yupo, mzima, na miguu yake yote miwili."

Mshenga hakubisha. Angebisha vipi? Mwenyewe alikuwa ameoza mabinti kwa sheria hiyohiyo. Aliinamisha kichwa, akasema mzee amenena, na kabla chai haijaisha wakawa wamekubaliana: mwaka huu atoke mkubwa, mwakani afuate mdogo. Alipotoka nje kumweleza mwalimu, nilimwona mwalimu akishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini neno lilikuwa limeshatolewa na jembe limeshapokelewa, na hapakuwa na pa kulirudisha.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, nasikia kila kitu. Neno moja lingetosha. Ningesema, "Baba, mimi sitaki," wangepata njia. Sikusema, kwa sababu nilitaka kwenda. Nilitaka kuiona Tunduma na kulala mahali penye umeme, na nilitaka mtu aseme kwamba nimechaguliwa. Mdogo wangu alikuwa uani anaosha kahawa, mikono imejaa utelezi. Nilipomweleza alisema, "Nenda tu, kaka. Mimi nitakuja mwakani." Akaendelea kuosha.

Kila mwaka kabla ya ligi, matajiri wale wanne walikutana kwenye mgahawa mmoja mkabala na foleni ya malori, kugawana vijana waliokuja kujaribiwa. Walikuwa wamewahi kunyang'anyana wachezaji hadi wakafikishana polisi, ndipo wakaweka utaratibu. Aliyeshika mkia mwaka uliopita huchagua wa kwanza, kisha anayemfuata, hivyo hivyo hadi vijana waishe. Kijana hata kama umemleta mwenyewe, lazima umchague kwa zamu yako. Tulisimama nje, mstari mmoja, tumevua viatu, nao wanatutazama wakiwa na chupa za soda mezani.

Tajiri wa sementi ndiye aliyekuwa ameshika mkia. Kila mtu alijua atamchagua nani. Palikuwa na kijana kutoka bondeni Momba, mtoto wa wafugaji, kipa, mwenye viganja vilivyoufunika mpira. Tajiri alimtazama yule kipa muda mrefu. Kisha akanitaja mimi. Mmoja wa wenzake akacheka hadi soda ikampalia. Tajiri hakucheka. Alisema tu kwamba neno alikuwa ameshampa mzee wa watu. Kipa akachukuliwa na tajiri wa vitenge.

Tuliishi chumba cha nyuma ya ghala. Asubuhi tulishusha sementi, jioni tulifanya mazoezi. Mzunguko wote wa kwanza nilicheza mechi tatu. Katika ya pili winga wa wapinzani alinipita mara nyingi hivi kwamba Wazambia waliovuka kuja kutazama wakaanza kumsalimia kila akipita, "Mulishani mukwai!", kama mpita njia mwenye shughuli zake. Nilisikia kicheko. Nakumbuka nilifikiri kwamba mdogo wangu angecheka pia, kisha angenionyesha pa kusimama. Baada ya mechi ya tatu nikakaa benchi, na benchi likanizoea.

Katikati ya msimu matajiri wawili walibadilishana. Wa vitenge alitaka winga wetu, wa sementi alikuwa bado anamlilia yule kipa. Wakakubaliana winga kwa kipa. Lakini wa vitenge akasema winga peke yake ni mdogo kwa kipa yule, kiongezwe kitu. Ukinunua maharage sokoni, muuzaji akishajaza kopo hukutupia na kiganja kimoja juu, ili uondoke umeridhika. Hiyo ndiyo nyongeza. Mwaka ule nyongeza nilikuwa mimi.

Kocha aliniambia nikiwa na mfuko wa sementi begani. "Shusha huo wa mwisho, kisha chukua godoro lako uvuke barabara. Umehama." Nilishusha. Nilisubiri niumie, nikaona siumii. Nilikuwa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu, unaujua ni wako lakini huusikii. Nilikunja godoro. Winga alikuwa analia, mimi nikambebea begi lake.

Kabla ya kuvuka nilipita dukani kwa tajiri wa sementi. Nilimuuliza jambo moja tu, na mdogo wangu je?

"Ahadi yangu na mzee ilikuwa mkubwa atoke, mdogo amfuate," alisema. Alikuwa anapima misumari kwenye mizani na hakuinua macho. "Basi atakufuata huko uendako. Mimi nimeshatimiza ya kwangu, na imenigharimu."

Nilikuwa sasa natakiwa kwenda kumuuliza tajiri wa vitenge. Ni hatua thelathini kuvuka barabara. Yeye hakuwa na neno lolote na baba, lakini angeweza kuulizwa. Sikumuuliza siku ile, wala wiki ile, wala msimu ule. Nilijua kitakachotokea. Mdogo wangu angekuja, angegusa mpira mara mbili, na kila mtu angeona nilikuwa nimeketi kwenye nafasi ya nani. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine.

Krismasi nilirudi Itaka. Mdogo wangu alinipokea njiani, akanibebea mzigo, akasubiri hadi tukafika karibu na nyumba.

"Wamesemaje, kaka?"

"Wamesema mwakani."

"Sawa," akasema.

Mwaka uliofuata aliuliza tena, nikajibu vilevile. Na wa tatu vilevile. Hakuwahi kuuliza ni nani hasa aliyesema, wala kwa nini. Mama aliniambia kwamba alfajiri kabla ya kwenda shambani alikuwa anapiga mpira kwenye ukuta wa stoo ya kahawa, kwa mguu wa kushoto, hadi plasta ikabanduka na baba akagomba. Nilisikia hilo kama ninavyosikia habari za watu wa Ikinga, mbali huko, nisiowajua. Nilikula, nikalala, nikarudi Tunduma.

Mwaka wa nne yule mwalimu alipita tena Itaka kutafuta wengine. Mimi nilikuwa nyumbani kwa msiba wa jirani. Mdogo wangu alikuwa uwanjani na watoto wa shule, anawafundisha kupiga kona. Mwalimu alisimama akatazama. Alimtazama muda mrefu kuliko alivyotazama mtu yeyote siku ile, na daftari akalishika bila kulifungua. Kisha akaniambia, "Katika kazi yangu ishirini na moja ni mzee. Huyu alitakiwa aje akiwa bado hajamaliza kukua. Sasa nikimpeleka wataniuliza alikuwa wapi." Alikwenda akampa mkono mdogo wangu, wakasalimiana vizuri, wakaulizana habari za mvua. Mdogo wangu akarudi kwa watoto wake.

Mimi sikuwa mchezaji. Nilimaliza misimu mitatu benchi la tajiri wa vitenge, kisha akanihamishia dukani, kwa ile ile adabu iliyoandikwa kwenye daftari. Nimeuza vitenge hadi nikafungua kibanda changu. Yule kipa wa Momba alifika mbali, nasikia aliwahi kucheza Dar es Salaam. Winga alirudi kwao. Mdogo wangu alilima, akaoa, akajenga, na shamba la baba likabaki mikononi mwake, maana mkubwa alikuwa ameshatoka.

Baba alipofariki nilikaa Itaka mwezi mzima. Msimu ulikuwa wa kahawa, na asubuhi moja tulikuwa wawili tu kwenye kichanja, tunachagua mbovu na kuzitoa. Sijui kilichonisukuma. Labda ni kwa kuwa baba, niliyekuwa najificha nyuma ya neno lake, hayupo tena.

"Kuna jambo," nikamwambia. "Wale watu wa Tunduma. Sikuwahi kuwauliza habari zako. Kila nilipokwambia wamesema mwakani, hakuna aliyesema."

"Najua," akasema. Mikono yake iliendelea kuchagua.

"Unajuaje?"

"Nilikwenda."

Alikwenda mwaka ule wa kwanza, baada tu ya Krismasi. Alitembea hadi barabara kuu akapanda lori Vwawa. Alimkuta tajiri wa vitenge dukani, akajitambulisha. Mimi siku ile nilikuwa nimetumwa ng'ambo, Nakonde, kufuata mzigo. Tajiri alimpeleka nyuma ya ghala, akamwekea mpira na kumwambia apige. Akapiga. Tajiri akaita watu waje waone.

"Akasema nianze kesho yake," mdogo wangu alisema. "Ila kitanda ni kimoja kwa kila nyumba, hachukui ndugu wawili. Akasema wewe utarudi kulima. Nikamwambia kwetu mdogo hamtoi mkubwa wake. Nikamwomba asikwambie. Nikarudi na lori la jioni."

Nilihesabu kichwani. Tangu Krismasi ile ya kwanza alikuwa anajua. Nilimuuliza kwa nini basi aliendelea kuniuliza kila Krismasi, wamesemaje, kaka, na hali jibu analo.

Si mtu wa maneno mengi.

"Ulikuwa ukifika nyumbani huna la kusema," alisema. "Unakaa tu, unatazama chini. Nikaona nikikuuliza hilo, angalau utapata la kunijibu."

Nilitaka kulia na machozi hayakuja. Nilikuwa na punje ya kahawa kati ya vidole. Niliitazama, na sikuweza kujua kama ni nzuri au ni mbovu, wala niiweke upande upi.