Sanduku Lililoungwa Chumbani

Adolf alirudi Ifakara kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo alivyomwambia tajiri wake wa Morogoro, fundi redio mwenye kibanda karibu na stendi, na hivyo ndivyo alivyopanga begi lake: suruali mbili, shati la kanisani, bisibisi ya kupimia umeme. Mama yake, Luciana, alikuwa ameanguka shambani akipalilia mpunga, na upande wake wa kulia ukagoma. Huo ulikuwa mwaka 1987. Mwaka 1996 Adolf alikuwa bado yuko Mlabani, mtaa wa kwao hapo Ifakara, ana miaka thelathini na minne, na lile begi la kijani lilikuwa limening'inia msumarini juu ya kitanda chake. Panya walishalitoboa pembe moja. Ukimuuliza habari za Morogoro alikujibu, bila kucheka, kwamba anasubiri mama apate nafuu kidogo.

Tumseme kwa haki. Hakuwa mvivu, na pombe hakuigusa. Alitengeneza redio na pasi barazani kwa mama yake, na watu walimsifu mpaka Kidatu. Kila asubuhi na jioni aliteka maji, akawasha moto, kisha akampisha binamu yake Marsiana aingie kumwogesha mama, maana hiyo si kazi ya mtoto wa kiume. Marsiana alimwambia zaidi ya mara moja: "Kaka Adolf, wewe nenda kahangaike. Mimi na mama tutaelewana." Adolf aliitikia "haya," halafu akarudi mezani kwake. Dada yake Rosemery, aliyeolewa Songea, alikuwa akituma barua za kumshukuru kwa kujitoa kwake. Barua hizo zilimkera kuliko matusi, lakini alizitunza zote.

Mwanzoni mwa mwaka huo aliitwa Kidatu kutengeneza amplifaya ya klabu moja ya wageni waliokuwa wanafunga virago kurudi kwao. Kwenye kona aliona sanduku refu, kimo cha mtu, lina kioo cha televisheni kifuani na kishikio cha chuma mbele. Mlinzi akamwambia ni mashine ya gemu, ilikufa zamani, kesho inakwenda jalalani. Adolf alikuwa ameona mashine ya namna hiyo mara moja tu maishani, hotelini Morogoro, na alikatazwa kuigusa. Akaomba apewe hiyo badala ya ujira wake. Mlinzi alicheka mpaka akalazimika kukaa chini.

Akapata lori la kumrudisha nyumbani, na njiani mvua ikawakuta. Sanduku lilikuwa la zile mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi, na mvua ya Sanje, kijiji cha njiani, haina mchezo. Walipofika hapo ubavu mmoja ulikuwa umevimba na kumeguka kama mkate uliolowa chai. Adolf akaomba lori lisimame. Chini ya turubai la mama mmoja mwuza ndizi alifungua skrubu moja moja, akatoa utumbo wote wa mashine: kioo, bodi yenye sakiti, spika, kishikio na nyaya zake. Kioo alikipakata mapajani, vilivyobaki akavitia kwenye tenga la ndizi. Mama mwuza ndizi akabaki na mbao, akasema zikikauka atapikia. Mashine basi iliingia Mlabani ndani ya tenga, na nakuomba msomaji ulikumbuke hilo tenga.

Kuitengeneza kulimchukua miezi mitatu. Mchoro hakuwa nao. Alifuata njia za umeme kwa kidole, moja baada ya nyingine, akazichora kwa penseli nyuma ya kalenda za parokia, mpaka ukuta wa chumba chake ukajaa kalenda zilizogeuzwa mgongo. Mashine ilitaka umeme nusu ya ule wa kwetu, kwa hiyo alisuka upya transfoma ya jokofu lililokufa. Kapasita zilizokauka alizibadilisha kwa zile za televisheni mbovu. Siku alipowasha mara ya kwanza, picha ilitokea imepinduka, ardhi juu na mbingu chini. Akabadilisha nyaya mbili tu, ikakaa sawa. Alitoka nje akasimama uani peke yake, machozi yanamtoka, na hakuona aibu.

Ikabaki kuitafutia sanduku jipya, na hapo ndipo anapoingia Viktor, fundi seremala wa mtaa wa pili. Anayewafahamu maseremala wa Ifakara anajua wanavyounga vitanda. Kitanda kikubwa cha mninga hakibebwi kutoka karakana kikiwa kizima. Fundi huja na mbao zake, akakiunga humo humo chumbani kwa gundi na vigingi vya mbao, bila skrubu hata moja, na kikishaungwa hakitoki tena mlangoni. Wenyewe wanasifia mtindo huo: mwizi hakiwezi, na mke akikasirika na kurudi kwao hana namna ya kuondoka nacho. Viktor aliunga sanduku la gemu vivyo hivyo, kwa mninga, humo chumbani kwa Adolf. Kwa siku nne Adolf alimshikia mbao huku seremala akigonga vigingi, na lilipokwisha lilikuwa zuri kuliko kabati la paroko. Alilipaka vanishi, akaweka tundu la kutumbukizia washa za baiskeli, vile vipete vya chuma, badala ya sarafu za kizungu. Upana wake uliupita mlango kwa karibu shibiri nzima.

Mchezo wenyewe haukuwa na mambo mengi. Kulikuwa na kigari chini ya kioo, na mawe yanayodondoka kutoka juu. Unakipeleka kigari kushoto au kulia kuyakwepa. Watu walijaa kile chumba mpaka Adolf akahamishia godoro lake sebuleni. Bingwa wao alikuwa Ngusa, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe wake kutoka upande wa Meatu. Aliacha fimbo mlangoni, akamwamkia mama kupitia ukutani, kisha akacheza bila kupepesa.

"Fundi," aliuliza siku moja, "hiki kigari chako kinakwenda wapi?"

"Hakiendi popote. Kinakwepa tu."

"Sasa kikishakwepa mawe yote?"

"Yanakuja mengine."

Ngusa akatikisa kichwa. "Mimi ningeshahama," akasema. Wenzake wakamcheka, wakamwambia Msukuma akiona majani popote anahama. Adolf naye alicheka, ingawa maneno yale yalimchoma.

Mwezi wa Juni, mpunga ukiwa umevunwa na mji umechangamka, akafika bwana mmoja aitwaye Jeremia, mwenye hoteli ndogo Morogoro. Alikuja kutafuta mchele, akasikia habari za gemu, akaja kuona. Alicheza mara tatu. Kisha akamtaka fundi pamoja na mashine yake. Alisema ana chumba cha uani cha kulala, ana nafasi ya karakana upande wa barabarani, na mjini zipo mashine nyingine mbovu kama hiyo ambazo hakuna mtu wa kuzifufua.

Hiki ndicho Adolf alichokuwa akikiomba miaka tisa, tena kimemfuata mwenyewe nyumbani. Akafungua kinywa kusema ndiyo, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Tatizo, bwana Jeremia, sanduku halitoki mlangoni."

Jeremia akapima kwa mikono, akaona kweli. Akasema atarudi baada ya wiki mbili na vijana wenye sururu, wavunje ukuta, kisha watamjengea mama ukuta wa matofali ya kuchoma.

Wiki mbili hizo Adolf hakulala vizuri. Ukuta wa nje ndio ulioshika mhimili wa paa, na mhimili huo ulipita juu ya kitanda cha mama, chumba cha pili. Ungevunjwa vibaya, paa lingemshukia. Alizunguka nyumba na futi kamba, akapima dirisha, akapima mlango tena, akapima kona ambazo zilijulikana hazina uwazi. Jirani wakadhani anataka kujenga. Mwisho akamwita Viktor.

"Fundi, hakuna namna ya kulifungua bila kuliharibu?"

"Kitanda kilichoungwa hakifunguliwi, fundi. Kinapasuliwa." Viktor alijikuna shingoni, akatazama upande wa chumba cha mama, akapunguza sauti. "Mimi ningeweza kutia skrubu, si kwamba siwezi. Lakini niliagizwa. Kamuulize mama."

Adolf alimkuta mama ameketi kitandani, anachambua mchele kwenye ungo kwa mkono wake mmoja mzima. Hakumzungusha.

"Mama, ulimwambia nini Viktor?"

Mama Luciana hakuinua macho. "Nilimwambia aliunge kama kitanda."

"Kwa nini?"

"Nilikuona ulivyoipenda ile mashine, baba. Nikasema, ikishindwa kutoka, na wewe hutatoka." Ungo ukatulia. "Niliogopa. Marsiana ananitunza, lakini si mwanangu. Nisamehe."

Angeweza kumjibu pale pale, maana jibu alikuwa nalo. Badala yake alitoka, akaenda kuketi kwenye meza yake ya redio na kushika bisibisi asiyokuwa na kazi nayo. Siku zilizofuata mama alimtazama kwa macho ya mtu mwenye kosa, akala kidogo, na Adolf akayaacha macho hayo yaendelee. Huo ndio ubaya mkubwa aliowahi kumfanyia mama yake, na alijua.

Jeremia akarudi kama alivyoahidi, na vijana wawili na sururu mbili. Akamwamkia mama: "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba kwa sauti ndogo. Kabla ya kuanza kazi Jeremia alifungua kimlango cha nyuma ya sanduku, akachungulia ndani, akaguna. Halafu akaanza kucheka.

"Fundi, hivi sisi tuna akili kweli? Gemu ndiyo mbao? Si tunatoa hivi vya ndani tu? Sanduku tutaunga jingine Morogoro, hili mwachie mama atunzie vitenge."

Vijana wakaweka sururu chini. Adolf alisimama, uso umemwiva kwa aibu. Yeye aliyekuwa ametoa utumbo huo kwa mikono yake Sanje, chini ya turubai, kwa muda usiozidi saa moja, atasema hakulijua hilo? Wiki mbili nzima alikuwa akiomba Mungu asitokee mtu wa kulisema.

Mama akasikia yote, ukuta ule haukuwa wa kuficha neno. "Mtolee, baba," akaita. "Mtolee uende naye. Nilikufunga mimi, na mimi nakufungulia."

Adolf akaenda akasimama mlangoni kwa mama yake.

"Hukunifunga, mama. Siku Viktor alipokuja na mbao, mimi nilishapima mlango. Nilijua halitatoka. Nikamshikia mbao siku nne, nikanyamaza."

Mama Luciana alijiinua kwa mkono wake mzima. Adolf alitegemea alie, au amwombee. Lakini uso wa mama ulikunjamana kwa hasira, hasira ambayo hakuwa ameiona tangu akiwa mtoto.

"Miaka tisa!" akasema. "Miaka tisa nakula chakula chako kama mwizi. Nikikohoa naona nakuzibia njia. Nikiomba maji naona nakuharibia maisha. Usiku namwomba Mungu anichukue ili wewe uondoke. Kumbe hukuwa unataka?"

"Nilitaka, mama. Ninataka. Naogopa. Hapa mimi ni fundi. Kule nikienda nikaonekana si kitu, nitarudi wapi tena?"

Mama aligeuza uso ukutani.

Kazi ya kufungua haikuchukua muda. Adolf alifungua skrubu zake mwenyewe, akatoa kioo, akakifunga kwa blanketi. Bodi, spika, kishikio na nyaya vilihitaji kitu cha kubebea, na lile tenga la ndizi lilishaoza. Akanyoosha mkono, akalishusha begi la kijani msumarini, akalikung'uta vumbi, akaziba tundu la panya kwa kitambaa, akapanga humo kila kitu. Juu yake akaweka zile kalenda za parokia, ili fundi mwingine atakayeunganisha ajue waya upi unakwenda wapi.

"Fundi mwingine?" Jeremia aliuliza. "Kwani wewe?"

"Tangulia," Adolf akasema. "Nitakufuata baada ya wiki mbili."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa. Jeremia akamtazama, akatikisa kichwa, akalitupia begi begani. Walikwenda wote mpaka kwenye basi. Begi likapita mlango wa basi kwa urahisi, likawekwa juu ya kiti, na basi likaondoka kwa njia ya Sanje na Kidatu.

Aliporudi nyumbani chumba kilikuwa na sanduku lenye tundu kubwa kifuani, mninga mtupu unaong'aa. Chumbani kwake, mama alikuwa bado ameelekea ukutani.

"Begi limeondoka?" akauliza.

"Limeondoka, mama."

"Na wewe?"

Kwa miaka tisa Adolf alikuwa amemsingizia mama, na hizi wiki mbili za mwisho alikuwa amesingizia mlango. Sasa hakukuwa na kilichobaki cha kusingizia. Akachukua ndoo, akaenda kuteka maji, maana Marsiana alikuwa karibu kufika.