Nilivyosukuma Pikipiki Nzima Hadi Ukweni

Vijana wa bodaboda, nimeona mnaulizana humu namna ya kupoza injini inayochemka. Mmoja kasema toboa sanduku la chujio la hewa. Mwingine kasema funga bati la kukusanya upepo.

Hayo yote niliyafanya kabla baba zenu hawajazaliwa.

Na moja kati ya hayo ndilo lililonifikisha ukweni nikiwa nimevimba uso mpaka mama mkwe akauliza, "Huyu ni nani?"

Kaeni vizuri.

Mwaka ni 1975. Mimi Abasi, fundi bati wa Tabora mjini, mtengeneza koroboi na mikebe. Suruali bugaluu, viatu raizoni, nywele nimezichana mpaka zinang'aa. Nilikuwa najiona, msinione hivi.

Nilikuwa na pikipiki kuukuu iliyokuwa imepita mikono mingi kabla ya wangu. Mjini ilikwenda vizuri. Ukiipeleka kwenye mchanga wa njia ya Sikonge, inachemka, inakohoa, inazima.

Sasa huko njia ya Sikonge ndiko alikokuwa Sikuzani.

Nilimwona sokoni akiuza asali na baba yake. Nikanunua asali. Kesho yake nikanunua tena. Mimi asali hata siipendi.

Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa mrina asali aliyejulikana. Ila mwaka uliotangulia walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya cha Ujamaa, kando ya barabara. Nyumba yao ya zamani ikabaki mahame, huko ndani, kwenye njia waliyopita wapagazi enzi za misafara. Mizinga nayo ikabaki huko, na bila mlinzi nyegere waliivunja mmoja baada ya mwingine. Asali niliyonunua ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Mzee akachonga mizinga mipya na kuitundika kijijini. Nyuki hawakuja. Watu wakaanza kumtania, "Mrina, leo umerina upepo?" Alikuwa anacheka, lakini ilimuuma.

Nilipokwenda kuposa nilifika nasukuma pikipiki, jasho linatiririka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hicho ni chombo au mzigo?"

Nikaeleza haja yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti yangu simpi mtu ambaye chombo chake kinachoka kabla ya punda. Siku utakayofika hapa umekipanda, tutazungumza."

Basi vita ikaanza, mimi na ile injini.

Kwanza nikatoboa sanduku la chujio kwa msumari, ili ivute hewa zaidi. Ikanguruma vizuri kweli! Nikapita mbele ya msikiti makusudi. Kumbe hewa imeizidi petroli, injini ikachemka kuliko mwanzo, na mchanga ukaingia mpaka kwenye silinda. Nikafika nasukuma.

"Karibu, mwenye mzigo," mzee akasema.

Nikaziba matundu. Mara hii nikachukua mifuniko ya sufuria za mama, nikaikata vipande, nikavibana kwenye silinda viwe mapezi ya kutoa joto. Mama alitafuta mifuniko yake mtaa mzima, akagombana na jirani bure. Njiani vipande vikalegea, vikawa vinapiga kelele kama harusi. Kuku walikimbia. Nikafika nasukuma.

Mzee alivitazama vile vipande vya mifuniko. Alitikisa kichwa tu, na hiyo iliniumiza zaidi.

Ndipo nikapata akili. Nikakata debe la mafuta ya kula, nikaliunga kwa risasi ya kuyeyusha likawa faneli kubwa, mdomo mpana mbele, mwembamba nyuma, upepo wote ugonge silinda. Nikalifunga chini ya tangi. Baya, ee Mola wangu, lakini lilifanya kazi! Nilifika kijijini nimekaa juu ya kiti kama bwana shauri.

Mzee hakuwepo.

Alikuwa kaenda Nzega kwa ndugu yake. Nilitaka kulia. Sikuzani akanikaribisha maji, akanitazama, akatazama lile debe.

"Limejaa matope," akasema. "Lifungue nikuoshee."

Wee! Kuoshewa chombo na Sikuzani? Nililifungua kabla hajamaliza kusema. Akaingia nalo jikoni, akakaa nalo sana, akalirudisha linang'aa na linanukia vizuri. Nikajua ni mafuta yake ya nywele. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nainama kulinusa.

Kabla sijaondoka aliniambia, "Ijumaa baba atakuwepo. Na Masele pia anakuja kuleta posa."

Masele alikuwa dereva wa lori la pamba wa Nzega. Ana lori, ana mbavu, ana meno meupe. Moyo ukanishuka.

"Usiihimize injini," Sikuzani akaongeza. "Pita mahameni kwetu, ipumzishe kwenye kivuli mpaka uweze kuishika kwa kiganja. Usiondoke mapema."

Nikajisemea, huyu mtoto ananipenda.

Ijumaa nikatoka asubuhi. Injini inakwenda, debe linavuta upepo, harufu ile tamu inazidi kadiri chuma kinavyopata moto. Nikafika mahameni. Nikakuta alama za matairi ya lori, na mahali pameungua majani, bado panafuka. Sikujali. Nikaegesha chini ya mninga, nikajinyoosha pembeni. Usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na mvumo.

Nilidhani injini imejiwasha yenyewe. Nikainuka, nikaenda kutazama.

Debe limejaa nyuki! Wamening'inia fungu zima, weusi tii, na wengine bado wanaingia.

Jamani.

Nilikimbia. Nikarudi. Nikakimbia tena. Nilikuwa nimebakiza safari fupi tu, na Masele yuko njiani au ameshafika. Nikipiga kiki injini ikawaka, wale wadudu wataungua wote pale pale. Kuwasha moto wa kuwafukuza nilikuwa na kiberiti, na petroli ipo ndani ya tangi.

Nikakitoa kiberiti. Nikamkumbuka mzee na mizinga yake mitupu, na lile cheko lake la kujikaza. Nikakirudisha mfukoni.

Nikafunga shati kichwani, nikashika usukani, nikaanza kusukuma polepole. Kila gurudumu likigonga mzizi, wananikumbusha kwamba wapo. Mmoja jicho, mwingine mdomo, mwingine sikio. Raizoni moja ilibaki kwenye mchanga, nikaiacha. Nililia, sifichi. Nililia kwa maumivu, na zaidi kwa sababu pikipiki yangu ilikuwa nzima kabisa, kwa mara ya kwanza, na bado nilikuwa naisukuma!

Nilipofika, Masele alikuwa ameshakaa kwenye kigoda.

"Mmeona?" akacheka. "Kachoka tena kabla ya punda!"

Mama mkwe ndipo akauliza mimi ni nani. Mdomo ulikuwa umevimba, hata jina langu halikutoka vizuri.

Mzee Mfaume akasimama. Alikuwa ameshafungua kinywa kunipa jibu langu. Kisha akausikia ule mvumo.

Akaja taratibu, akapiga magoti mbele ya pikipiki, akachungulia ndani ya debe. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa.

"Umesukuma kutoka wapi?"

"Mahameni, mzee."

"Imeharibika?"

"Nzima."

"Kwa nini hukuiwasha?"

"Wangeungua."

Mzee akainuka, akajipangusa magoti. Kisha akamgeukia mwenzangu. "Masele, mwanangu. Hizo nyusi zako zimepatwa na nini?"

Ndipo nami nikamtazama. Hakuwa na nyusi. Zilikuwa zimeungua zote mbili, na shati lake lilinuka petroli. Masele akatazama chini, akasema kwamba lori lilimletea matatizo kidogo njiani. Hakukaa sana.

Jioni ile mzee aliwahamishia nyuki kwenye mzinga wake mpya. Msimu uliofuata alirina, na harusi yetu ikapikiwa maandazi ya asali hiyo hiyo.

Miaka yote nilijua ni bahati. Nimewasimulia watoto, nimewasimulia wajukuu: Mungu alinitumia nyuki.

Juzi nikamsomea bibi yenu habari hii kabla sijaituma humu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Abasi, mpaka leo hujui? Sanduku la spana la lori la Masele, baba ndiye aliyelipaka nta, alipomkuta nalo Nzega. Akamwambia apitie mahameni apumzike. Nyuki wakija kwenye nta, lori liwalete kijijini."

"Na debe langu?"

"Kabla hajaenda Nzega nilimwambia apake na pikipiki yako. Akasema pikipiki yako haifai hata kuwa mzinga." Akafuta machozi ya kicheko. "Kwa hiyo lako nililipaka mwenyewe."

Kumbe! Nusu karne nalala na mtegaji.

Basi vijana, toboeni mnavyotaka, mchanga utawafunza. Faneli ya bati inafaa, na kivuli kinafaa zaidi. Ila binti akikuoshea chombo bila kuombwa, kisha akakuelekeza pa kukiegesha, usijidai fundi. Nenda ukaegeshe pale pale alipokuambia, na kiberiti kiache mfukoni.